Rangi ni ile Inayoshika
Somo la vikundi: mwani, majani na nguo



Wapendwa wanakikundi, katika toleo hili tunajifunza juu ya kutia rangi nyuzi na vitambaa kwa vitu vya asili. Vikundi kadhaa vimeniuliza: Je, ni kweli mwani unaweza kutoa rangi ya nguo ya bure? Kwa neno mwani wanataja majani ya baharini, na pia ule utando wa kijani unaoelea bwawani. Jibu lipo, lakini sitalitoa kwa mkato, maana jibu la mkato ndilo lililotuponza siku moja. Someni somo hili mkiwa pamoja. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mjadili maswali yaliyo mwishoni.

KISA CHETU

Mwaka 2017 kikundi kimoja cha akina mama ninachokihudumia kilipata kazi nzuri. Kwaya ya watoto ilitaka skafu 24 za kijani kwa sikukuu ya somo wa parokia. Bei ilikuwa shilingi 450 kila moja, na kwaya ililipa nusu mbele.

Wiki hiyo nami nilikuwa nimetoka semina. Huko tulionyeshwa picha za vitambaa vilivyotiwa rangi ya mwani, vizuri ajabu. Niliporudi nikawaambia akina mama: "Rangi mnayo hapo bwawani, na ni bure." Basi wakatoa pesa za mchango wa mzunguko, wakanunua kitambaa cheupe cha pamba. Wakateka utando wa kijani kwa madebe, wakauchemsha, wakatumbukiza kitambaa. Kilitoka na rangi kama majani machanga ya maharagwe. Vigelegele vikapigwa. Mimi nilipiga picha.

Siku ya sikukuu jua lilikuwa kali. Watoto walipovua skafu, kola za mashati yao meupe zilikuwa na alama za kijani. Skafu zilipofuliwa mara ya tatu zikawa na rangi ya uji. Kwaya ikakataa kulipa nusu iliyobaki na ikadai ile ya kwanza, na ilikuwa na haki. Kumbe mwezi ule zamu ya mzunguko ilikuwa ya mama mmoja aliyetaka kulipa karo. Hakukuwa na pesa ya kumpa. Kijana wake alikaa nyumbani wiki mbili.

Kwenye mkutano mama mwenyekiti alinitazama akasema: "Mwalimu, wewe ulisema rangi ni bure. Mbona sisi ndio tumelipa?"

Sikuwa na la kujibu ila kuomba msamaha mbele ya wote. Somo hili linatokana na swali lake.

TULIKOSEA WAPI?

Tulifikiri kitu chochote chenye rangi kinaweza kutia rangi. Sivyo. Maji ya udongo mwekundu yana rangi, lakini ukichovya shati na kulifua, linarudi jeupe au linabaki na madoa. Kuna tofauti kati ya rangi iliyokaa juu ya uzi na rangi iliyoshikana na uzi.

Nguo ikishika rangi, hiyo ni kama ndoa. Kuna wahusika watatu:

1. Uzi. Nyuzi hazifanani. Sufu ya kondoo na hariri zinatokana na wanyama, nazo hupokea rangi nyingi za asili kwa urahisi. Pamba na katani zinatokana na mimea, nazo ni ngumu zaidi kukubali.

2. Rangi yenyewe. Ni lazima iyeyuke majini ili iingie ndani ya uzi, na ikishaingia isitoke kwa sabuni wala isife kwa jua.

3. Mshenga. Rangi nyingi za asili haziwezi kushikana na uzi zikiwa peke yake. Zinahitaji kitu cha katikati cha kuziunganisha. Mshenga anayejulikana zaidi ni shabu, lile jiwe jeupe ambalo watu hutumia kutuliza maji machafu. Shabu hushika uzi kwa mkono mmoja na rangi kwa mkono mwingine. Tofauti na mshenga wa harusi, yeye haondoki: hubaki ndani ya uzi siku zote.

Sasa tazameni skafu zetu. Uzi ulikuwa pamba, ambayo ni ngumu. Mshenga hakuwepo. Na rangi ilikuwa ile ya kijani ya majani, ambayo haiyeyuki vizuri majini, haina urafiki na pamba, na jua huiharibu upesi. Tulichokiona siku ya kwanza kilikuwa vipande vidogo vidogo vya mwani vilivyonasa kwenye kitambaa. Tuliita hiyo rangi, kumbe ilikuwa uchafu wa kupendeza.

JE, MWANI HAUNA RANGI KABISA?

Unazo, tena nyingi. Wale waliofika Ziwa Bogoria au Nakuru wamewaona flamingo. Rangi yao ya waridi hutokana na chakula wanachokula, ambacho kwa sehemu kubwa ni mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Hapo ndipo wengi hudanganyika: kama mwani umempaka ndege, mbona usipake kitambaa? Lakini ndege amekula, mwili wake umeigeuza ile rangi na kuiweka ndani ya unyoya wakati unyoya unaota. Sufuria haina tumbo la flamingo.

Tuzitazame rangi za mwani moja moja:

- Kijani. Tumeshaiona. Haishiki, na jua huimaliza.

- Buluu ya spirulina, mwani unaouzwa kama unga wa lishe. Ni nzuri sana kwa macho, lakini ni aina ya protini. Maji yakipata joto la nyuzi 60 hivi, huharibika kama ute wa yai unavyobadilika ukipikwa. Jua nalo huiua.

- Wekundu wa mwani wa baharini. Huu ni ndugu wa ile buluu. Mwani mwekundu ukipata moto, wekundu huondoka, mara nyingi ukabaki kijani.

- Kahawia ya mwani wa kahawia, ule unaotupwa ufukweni na mawimbi. Mwani huu una aina ya tanini, kama magome ya miti. Ukichemshwa vizuri na sufu iliyotiwa shabu, hutoa rangi hafifu ya mchanga. Ni rangi halali, lakini majani ya chai yaliyokwisha kutumika yatakupa kahawia iliyokolea zaidi bila nauli ya kwenda baharini.

Kuna mwani mmoja uliowahi kuingia katika biashara kubwa ya rangi, na ulitoka pwani yetu. Ni marere, vitu vya kijivu vinavyoota kama ndevu juu ya miti na vichaka karibu na bahari. Marere si jani. Ni kuvu na mwani mdogo wanaoishi pamoja kama mwili mmoja. Katika karne ya 19 marere yalikusanywa pwani ya Afrika Mashariki, yakapakiwa Unguja kwenda Ulaya. Huko yalilowekwa kwa wiki kadhaa katika amonia, ambayo zamani ilipatikana katika mkojo uliochacha, huku yakikorogwa yapate hewa. Ikatoka rangi ya zambarau iliyoshika sufu hata bila shabu.

Lakini hata zambarau hiyo ilipauka juani. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18, William Perkin wa London, alitengeneza zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe. Rangi nyingine za viwandani zikafuata, na soko la marere likafifia. Basi msiende kuyakwangua mitini leo. Hukua polepole mno, na mkiyamaliza, wajukuu wenu hawatayaona.

KAZI YA KWELI YA MWANI KATIKA NGUO

Msidhani nimekuja kuutukana mwani. Unafanya kazi, ila si ile tuliyoipa sisi.

Kwanza, kutoka mwani wa kahawia hutolewa unga uitwao alginati. Unga huu ukikorogwa majini huwa mzito kama uji. Wanaochapa maua kwenye vitambaa vya pamba huchanganya rangi ya kiwandani na uji huo, ili rangi ikae mahali ilipowekwa isitawanyike. Kisha kitambaa huoshwa, uji ukaondoka, ua likabaki. Kwa hiyo mwani hapo hautoi rangi. Unailinda tu isipotee njia.

Pili, kuna kampuni ya Marekani, Living Ink, inayochukua mabaki ya mwani wa viwandani na kuyachoma hadi yawe makaa meusi. Makaa hayo husagwa yakawa wino wa kuchapia karatasi na nguo. Weusi wa makaa haufi kwa jua. Lakini oneni: mwani umeshika pale ulipokuwa makaa, wala si ulipokuwa kijani.

Tatu, wako akina mama wa Kwale, kama wale wa Kibuyuni, wanaolima mwani baharini kwa kamba. Wanaukausha na kuuuza, na wengine hutengeneza sabuni. Mwani wao hutoa aina ya gundi inayotumika katika vyakula na dawa ya meno. Huo ni mradi wao na wanaujua. Sisi wa bara tusiuige kwa kuchota utando wa bwawani.

HADHARI KUBWA

Utando wa kijani wa bwawani si wa kuchezea. Aina fulani, hasa ile inayoonekana kama rangi ya mafuta iliyomwagwa juu ya maji, huwa na sumu. Ng'ombe hufa kwa kuyanywa maji hayo. Kuyachemsha hakuondoi sumu. Wakati ule mama wawili walipata vipele mikononi, nasi tukafikiri ni upupu. Mkiona bwawa limekuwa hivyo, msichote, msioge, msinyweshe mifugo, na mtoe habari kwa afisa wa afya au wa mifugo.

MAJARIBIO MATATU KABLA YA KUUZA

Kama tungefanya majaribio haya kwa kipande kimoja kidogo, kijana yule hangekosa shule. Hayahitaji mashine.

1. Jaribio la kufua. Shonea kipande chenye rangi pamoja na kipande cheupe cha pamba. Fua kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, anika kivulini. Rudia mara tano. Je, rangi imepungua? Je, cheupe kimepata doa?

2. Jaribio la jua. Funika nusu ya kipande kwa karatasi ngumu, nusu nyingine iache wazi. Kiweke juani wiki mbili. Kisha ondoa karatasi. Ukiona mstari dhahiri kati ya nusu hizo mbili, rangi hiyo inakimbia jua. Mjaribu hivyo na manjano ya jikoni, mtashangaa jinsi inavyopauka.

3. Jaribio la kusugua. Chukua kitambaa cheupe kikavu, sugua juu ya rangi mara kumi. Rudia kwa kitambaa chenye maji. Kikichafuka sana, na kola ya mteja itachafuka vilevile.

Kila kipande kibandikwe kwenye daftari la kikundi. Andikeni tarehe, aina ya uzi, uzito wake, dawa iliyotumika na matokeo. Msitegemee kichwa cha mtu mmoja. Akihama au akiugua, ujuzi wote unakwenda naye.

RANGI MOJA YA KUANZA NAYO

Anzeni na sufu, maana ndiyo rahisi. Pamba ina hatua nyingine, nayo inahitaji somo lake. Rangi ya kuanza nayo ni maganda makavu ya vitunguu, yale mnayotupa. Waombeni wenye hoteli na wauza mboga wawawekee kwenye gunia.

Mahitaji: nyuzi za sufu nusu kilo zikiwa kavu, shabu gramu 50, maganda ya vitunguu robo kilo au zaidi, sufuria kubwa ambayo haitapikiwa chakula tena, mwiko wake, mizani, na maji.

Hatua ya kwanza: Osha sufu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Usiisugue wala kuikamua kwa nguvu, itashikana kama blanketi. Mafuta ya kondoo yasipotoka, rangi haitaingia.

Hatua ya pili: Yeyusha shabu katika maji ya moto kidogo, mimina kwenye sufuria yenye maji ya kuifunika sufu yote iweze kuelea. Tia sufu ikiwa mbichi. Pasha moto polepole mpaka maji yakaribie kuchemka, uache hapo saa moja. Yasitokote. Ipua, acha sufu ilale humo mpaka asubuhi.

Hatua ya tatu: Siku ya pili chemsha maganda katika maji kwa saa moja. Chuja kwa kitambaa. Maganda yaende kwenye mbolea.

Hatua ya nne: Tia sufu katika maji ya rangi yakiwa vuguvugu. Pasha polepole, uache saa moja bila kutokota. Ipua, acha ipoe humohumo. Usiitoe kwenye moto na kuitumbukiza kwenye baridi, itasinyaa.

Hatua ya tano: Suuza mpaka maji yawe safi. Anika kivulini.

Mtapata manjano iliyokolea au rangi inayokaribia machungwa. Mkitaka rangi nyingine, lile gugu lenye harufu kali shambani, ambalo Wakikuyu huliita mubangi, hutoa manjano nzuri kwa njia hiyohiyo. Tumieni kilo moja ya maua na majani mabichi kwa nusu kilo ya sufu. Msitumie sufuria ya chuma chenye kutu, kwa sababu chuma hutia rangi giza, na kikizidi hudhoofisha uzi.

Vaeni glavu. Fanyeni kazi mahali penye hewa, mbali na watoto. Maji ya shabu msiyamwage mtoni wala karibu na kisima.

HESABU

Hakuna rangi ya bure. Maganda hayana bei, lakini kuni zina bei, shabu ina bei, na kuna nauli na saa za akina mama. Yesu mwenyewe alitaja mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza huketi na kuhesabu gharama (Lk 14:28). Mweka hazina aandike kila kitu kabla ya kutaja bei. Na mradi mpya msiuanzishe kwa pesa za zamu ya mtu. Anzeni na kipande cha kujaribu cha shilingi mia mbili au tatu. Kikiharibika, hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani.

MWISHO WA KISA

Kikundi kile hakikufa. Pesa ya kwaya ililipwa kidogo kidogo, nami nikatoa sehemu yangu. Kwa muda wa miezi minane hawakuuza chochote, walijaribu tu. Daftari lao lilijaa vipande, vingi vyake vibaya. Mwaka 2019 walianza kuuza nyuzi za sufu za manjano na kahawia.

Siku moja nilikuwepo mteja alipokuja kuomba nyuzi za kijani nyingi, tena kwa bei nzuri. Mama mwenyekiti alimfungulia daftari, akamwonyesha kipande cha skafu ya zamani alichokuwa amekihifadhi. Akamwambia: "Mama, kijani ninachoweza kukupa leo ni hiki. Ukitaka manjano, nitakupa itakayokaa." Mteja alicheka, akachukua manjano. Amerudi mara nne.

Katika Matendo ya Mitume 16:14 tunasoma juu ya Lidia, mfanyabiashara wa nguo za zambarau. Biashara yake ilikuwa rangi, kama hiyo yetu. Mtu wa rangi hujulikana nguo ikishafuliwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, kikundi chetu kimewahi kuanza mradi kwa sababu ya picha au maneno ya mgeni? Matokeo yalikuwa nini?

2. Mtaalamu akija na jambo jipya, ni maswali gani tumwulize kabla hatujatoa pesa? Tajeni matatu.

3. Katika kijiji chetu ni maganda, majani au magome gani yanayochafua mikono au nguo mpaka sabuni inashindwa? Hayo ndiyo ya kujaribu kwanza.

4. Pesa za mzunguko na pesa za mradi zimetengwa katika vitabu vyetu? Kama bado, nani atafanya kazi hiyo, na kabla ya tarehe gani?

5. Bwawa letu likoje? Nani atalitazama kila wiki?

KAZI YA NYUMBANI: Kila mwanakikundi alete kipande kimoja kilichotiwa rangi ya kitu kimoja cha shambani kwake, na kipande hicho kiwe kimeshafuliwa mara tano. Kisichofuliwa kisipokelewe, hata kama ni cha kwangu.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu. Tuonane toleo lijalo.